Dirisha la Kwanza Halifungwi

Aliyesikia la mkuu ndiye aliyevunjika guu. Wahenga walisema kinyume chake, na wahenga tunawaheshimu, lakini hakuna mhenga hata mmoja aliyepata kuajiriwa na Mkurugenzi wa kituo kile cha simu za dharura.

Asubuhi hiyo Mkurugenzi alifika kazini na hofu aliyoiokota njiani, kama mtu anavyookota mafua. Alikuwa amesikia redioni habari za kampuni iliyoibiwa siri zake na mfanyakazi wake mwenyewe, mtu aliyekuwa na ufunguo wa seva. Hakuvua koti wala hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kona, ile iliyomezwa na nyaya, akamsimamia binti aliyeketi pale.

Binti huyo kila mtu alimwita Fundi, kana kwamba mama yake alisahau kumpa jina. Alikuwa na stashahada yake, miwani iliyofungwa gundi sikioni, na ulimi usiolala njaa. Kazi yake ilikuwa kuitunza seva, kompyuta kuu ya kituo, na seva yenyewe haikuwamo humo ndani. Ilikuwa mbali, nchi kadhaa kutoka hapo, katika jumba la mashine la kukodi ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulikanyaga. Lakini kila simu ya kuomba gari la wagonjwa ilipitia humo. Seva iliipokea, ikawaunganisha mpokea simu, muuguzi aliye ndani ya gari na daktari aliye hospitalini, wote wakasikilizana kama watu wa chumba kimoja. Seva ikinyamaza, wote wamenyamaza.

"Watu wangapi wanaweza kuingia kwenye hiyo seva kama ruti?" Mkurugenzi aliuliza. Ruti ndilo jina la mtumiaji mkuu, yule ambaye mashine haimuulizi kwa nini.

"Mmoja, Bosi. Mimi."

"Basi kuanzia leo ni mimi. Futa ufunguo wako. Nitaweka nywila yangu, na itakaa hapa." Akajigonga kipaji cha uso. "Kichwa hakiibiwi."

"Hakiibiwi, ila husahau," ilisema sauti kutoka meza ya pili. Ilikuwa ya Mama Halo, mpokea simu mkongwe kuliko wote, mwanamke wa sauti laini na mikono mizito, ambaye wanawe walidai kwamba hata hodi ya mlangoni aliitikia kwa "halo".

Mkurugenzi alijifanya hakusikia. Fundi hakuwa na nafasi ya kucheka.

"Bosi, naomba tusubiri kidogo. Kuna nakala ya akiba inaandikwa sasa hivi, na ni kubwa kuliko nilivyodhani. Lazima niisimamie, nifute ya zamani kadiri mpya inavyokua. La sivyo diski itajaa."

"Nani mkuu hapa?"

Swali hilo halina majibu mawili. Fundi akafuta ufunguo wake, faili ya siri iliyomfungulia seva bila nywila. Akageuza uso ukutani kama alivyoamriwa, akasikiliza vidole vya Mkurugenzi vikidonoa kibodi kama kuku juani. Nywila ikaandikwa, ikarudiwa, seva ikaikubali.

"Sasa toka. Funga hilo dirisha kwenye skrini."

Hapo Fundi aligeuka. Mafundi wa seva wana mwiko mmoja ambao hawaufundishwi darasani. Wanaupata kwa machozi. Ukibadilisha kufuli, usitoke. Kaa ndani, fungua dirisha la pili, jaribu kuingia upya. Ukiingia, ndipo ulifunge la kwanza. Dirisha la kwanza halifungwi mpaka la pili limefunguka. Alimweleza hivyo, kwa adabu zote.

"Nataka seva iwe tupu ninapoingia mimi," alisema Mkurugenzi. "Nikikuta mtu ndani nitajuaje kama ni wewe au ni mwizi? Funga."

Akafunga. Alikuwa amelelewa na shangazi aliyeamini kwamba mtoto mtiifu hata nyoka humpisha, na malezi hukaa vidoleni muda mrefu baada ya kutoka kichwani.

Mkurugenzi akaenda ofisini kwake, kwenye kompyuta yake, ili aandike nywila yake bila macho ya watu. Mlango ukafungwa. Kitambo kikapita. Likasikika kofi juu ya meza. Kikapita kitambo kingine, likasikika kofi la pili, na la tatu, na neno ambalo Mama Halo alilifunika kwa kikohozi. Kisha mlango ukafunguka.

"Seva yako inanikataa."

Asubuhi nzima seva ilikuwa yake. Sasa ilikuwa "yako".

Alikuwa ameijaribu nywila mara nyingi kiasi kwamba mlinzi wa seva, programu ndogo isiyojua cheo cha mtu, aliamua ofisi nzima ni mwizi, akaifungia mlango wa ruti, ingawa simu ziliendelea kupita. Fundi alitoa simu yake, akaingia kwa mtandao wa simu, akaufikia mlango kwa njia ya uani. Mlango ukauliza nywila. Mkurugenzi aliinyakua simu, akageuza mgongo, akaandika, akakataliwa. Akaandika tena.

"Niambie mimi nijaribu, Bosi."

"Nywila ikiambiwa si nywila tena."

Akaandika tena, na mlinzi akaifungia hata hiyo simu.

Wote wawili waliinua macho kwa pamoja kwenye televisheni ya ukutani. Televisheni ile ilionyesha magari yaliyoko njiani, simu zinazosubiri, na chini kabisa, mstari mwembamba wa kuonyesha diski ya seva imejaa kiasi gani. Walipokuwa wakinywa chai mstari ulikuwa wa kijani. Sasa ulikuwa wa manjano, na ukitambaa. Nakala ile ilikuwa kazi ya kujiendesha. Haikumhitaji mtu ili iendelee, ilimhitaji mtu ili ikome. Na mfumo wa simu uliandika kila neno linalosemwa kwenye diski hiyo hiyo. Ukikosa pa kuandika, ungekufa, na simu zote ungezikata.

"Mama," Fundi aliita, na sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyokusudia, "kuna gari njiani?"

Mama Halo alikuwa ameshainua mkono kumnyamazisha. Alikuwa amebana visikilizio masikioni kwa vidole viwili.

"Lipo. Kichanga. Kimezaliwa alfajiri, pumzi zinakwama, kinahamishiwa hospitali kubwa. Nesi yuko peke yake huko nyuma na mama wa mtoto. Anakipulizia hewa kwa kubana mfuko, daktari anamwongoza pumzi kwa pumzi."

"Bado mbali?"

"Barabara imechimbwa. Wanazunguka."

Fundi alichukua visikilizio vya pili, akavivaa. Kwanza alisikia gari likigonga mashimo. Kisha sauti ya daktari, mwanamke, tulivu kama mtu anayesoma sala: "Bana. Achia, achia. Bana. Achia, achia." Kisha sauti ya kijana muuguzi ikirudia nyuma yake, ikitetemeka. Na chini ya sauti hizo zote kitu kidogo sana, kama karatasi inayokunjwa polepole, kikija, kikipotea, kikija. Ilimchukua muda kuelewa kwamba hiyo ndiyo pumzi.

Alivivua. Mikono ilikuwa imepoa kama mtu aliyetoka kufua alfajiri. Akatazama mstari, na mstari ulikuwa umesogea.

"Kuna njia moja," alimwambia Mkurugenzi. "Paneli."

Jumba la mashine lilikuwa na ukurasa wake mtandaoni, paneli, ambamo mwenye seva huingia na kufanya mambo ambayo hata ruti hawezi: kuizima seva, kuiwasha, na kuitazama ikiamka kana kwamba umesimama mbele yake. Na seva inapoamka kuna kitambo kifupi, kabla haijavaa nguo, kabla haijaweka walinzi mlangoni. Ukiidaka hapo, inakupokea kama ruti bila kukuuliza nywila. Ukichelewa, imeshavaa, imeshafunga, na unaanza upya.

"Kwa hiyo lazima uizime," Mkurugenzi alisema.

"Lazima niizime."

"Na simu zikatike."

"Zitakatika tu, Bosi. Ama nizikate mimi tukiwa tumejiandaa, ama diski izikate tukiwa tumekaa."

"Na paneli ina jina la nani?"

Mkurugenzi alijua jibu. Paneli ilikuwa na jina la dada yake, aliyekianzisha kituo hicho na kumwachia, na hakuna anayeingia humo bila namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake. Pale ofisini walimwita Dada Mkubwa, hata wale waliomzidi umri.

"Dada hapigiwi simu," alisema Mkurugenzi. "Aliniambia mbele ya ndugu wote kwamba mwaka hautaisha sijamlilia. Hapigiwi. Na hospitali haiambiwi. Wakijua tumejifungia nje ya nyumba yetu wenyewe, kesho wana kituo kingine. Tunasubiri. Mlinzi atalegeza, mimi nitakumbuka, yataisha."

"Diski haisubiri."

"Hiyo ni amri, Fundi."

Kuna woga wa kufanya na woga wa kutofanya, na huu wa pili hupendwa zaidi kwa sababu una kiti. Fundi alikuwa amekikalia. Alijua vizuri kinachoweza kutokea. Angeizima seva, angeshindwa kuidaka ikiamka, kijana yule angebaki peke yake na karatasi ile inayokunjwa, na mkono uliokata ungekuwa wake, si wa diski, si wa Mkurugenzi. Akisubiri, hakuna mkono wowote. Ingekuwa "hitilafu ya mitambo", maneno mazuri ya kuandikia ripoti. Alitamani sana maneno hayo. Aliona aibu kwa jinsi alivyoyatamani.

Mstari ukageuka mwekundu.

Akachukua simu ya mezani.

Iliita muda mrefu. Iliyojibu haikuwa sauti ya Dada Mkubwa, na nyuma yake kulikuwa na ngurumo kama ya ndege inayotaka kuruka.

"Haloo! Mwenye simu yuko kwenye drai!"

"Wewe ni nani?"

"Msusi wake! Piga baadaye, bado mbichi!"

"Dada yangu, mtoe."

"Nimtoe na rola?"

"Mtoe hata na kiti chake! Kuna mtoto anakufa!"

Ngurumo ilikatwa ghafla. Maneno yakasemwa, kitu kikaanguka sakafuni. Kisha ikaja sauti aliyoifahamu, nzito, ya mtu asiyependa kuzungukwa.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Dada. Bado."

"Bado ni neno baya. Sema."

Fundi akasema. Alisema bila mapambo: ufunguo umefutwa, nywila haifunguki, diski inajaa, gari lina kichanga, nahitaji paneli. Mkurugenzi alikuwa amesimama mbele yake akitikisa kidole kama mtu anayefukuza inzi.

"Mdogo wangu anajua unanipigia?"

"Amenikataza."

Fundi alikuwa ameshaufungua ukurasa wa kuingilia paneli, kidole juu ya kitufe cha kuomba namba.

"Bonyeza," alisema Dada Mkubwa. "Namba ikija nitasoma. We msusi, nipe miwani. Siyo hiyo, hiyo ya jua! Basi soma wewe, una macho ya nini?"

Msusi akasoma namba, moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Paneli ikafunguka. Ilikuwa ukurasa mweupe wa kawaida kabisa, na katikati yake kitufe chekundu cha kuzima, kidogo kuliko ukucha wake.

"Ukigusa hicho huna kazi," alisema Mkurugenzi.

"Sawa, Bosi."

"Nasema kweli!"

Mama Halo aliinuka. Alisukuma kiti chake cha magurudumu hadi nyuma ya magoti ya Mkurugenzi. "Bosi," alisema kwa ile sauti ya kupokelea waliovunjika, "nakuheshimu kama kitinda mimba wetu. Kwa hiyo keti." Na kiti kilipomgusa, miguu yake ikamkubalia mama yule kabla ya kichwa chake.

Fundi akavaa visikilizio tena.

"Daktari, samahani. Naongea kutoka kituoni. Simu hii inakaribia kukatika."

"Bana. Achia, achia. Usiniambie hivyo. Bana. Kwa nini?"

"Mashine yetu inajaa. Bora niikate mimi sasa, niitengeneze, kuliko ijikate yenyewe isirudi. Simu zenu za mkononi?"

"Nesi, una simu?"

"Imekufa chaji tangu usiku," ilisema sauti ya kijana. "Ya dereva imo kwenye kile kishimo cha kwanza. Iliruka dirishani. Usinicheke, Daktari."

Hakuna aliyecheka.

"Itanyamaza muda gani?" daktari aliuliza.

Fundi alitaka kusema dakika moja. Alitaka kusema msijali. "Sijui," alisema. "Nitakimbia."

Alisikia daktari akivuta pumzi, yake mwenyewe, kubwa. "Nesi, nisikilize. Utabaki na mimi kichwani. Unaujua mwendo. Useme kwa sauti, mama mtu naye aseme nawe. Mama, unanisikia? Sema pamoja naye. Kifua kisipoinuka, rudisha kichwa nyuma kidogo tu, kama anayenusa ua, bana tena. Usiharakishe. Umeelewa?"

"Nimeelewa." Kisha, taratibu: "Daktari, naogopa."

"Na mimi. Bana. Achia, achia. Fundi wa kituo, upo? Kata."

Akabonyeza.

Karatasi ile iliyokuwa ikikunjwa iliacha kukunjwa. Televisheni ya ukutani ikawa nyeusi. Simu zote mezani zikafa kwa pamoja, hata ile ya mzee wa kila siku aliyepiga kuulizia saa. Fundi hakujua kwamba chumba kile kilikuwa na feni mpaka aliposikia inazunguka.

Paneli ilimpa dirisha dogo jeusi, konsoli, jicho lake la kuitazama seva ikiamka. Hakikuonekana kitu. Kisha mistari myeupe ikaanza kushuka, mingi, kwa kasi. Alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe cha kuizuia. Akabonyeza. Mistari haikusimama. Akabonyeza tena, tena, na ndipo alipogundua kwamba hajaligusa dirisha lile kwa kipanya kwanza. Alikuwa akibonyeza hewa. Seva ikavaa nguo zake zote mbele ya macho yake, ikafunga vifungo, ikauliza kwa adabu: nywila?

"Mungu wangu," alisema Fundi.

"Vipi?" Mama Halo aliuliza.

"Imenipita."

Hakuthubutu kugeuka. Televisheni iliwaka kidogo, ikionyesha mstari mwekundu umefika ukingoni. Mfumo wa simu ulijaribu kusimama, ukakosa pa kuandika, ukaanguka. Alichokuwa akikiogopa kilikuwa kimetimia. Diski ilikuwa imejaa. Sasa hapakuwa na chaguo la kusubiri hata kwa anayelipenda.

Akaizima tena. Alishika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Alijikuta akisema kwa sauti, bila kujua ameanza lini: "Bana. Achia, achia. Bana." Akabonyeza kipanya juu ya dirisha jeusi. Akasubiri. Weusi. "Achia, achia." Mstari mmoja mweupe ukachungulia, naye akakishukia kitufe kama mwewe.

Mistari ikasimama.

Orodha fupi ikatokea, seva ikiwa bado mbichi, ikiuliza iamke vipi. Aliongeza maneno machache mwishoni mwa mstari mmoja, ya kuiambia: usiamke yote, nipe mlango tu. Akabonyeza. Ikaja alama moja ndogo mwanzoni mwa mstari mtupu, ile alama ambayo mashine humwonyesha ruti peke yake. Haikuuliza nywila. Haikuuliza kwa nini.

"Nimo," alisema.

Akaamuru nakala ile ifutwe. Seva ikakataa. Akaandika tena, ikakataa tena. Alikuwa ruti, mkuu wa wakuu, na mashine ilikuwa inamwambia hapana. Kichwa kilikuwa kitupu kama ndoo iliyopinduliwa. Kisha akakumbuka kwamba seva iliyoamshwa hivyo huifungua diski kwa kusoma tu. Lazima uiambie kwamba unaruhusiwa kuandika. Alikuwa amelifanya hilo mara nyingi kwenye mazoezi, akiwa ameshiba na akiwa haogopi. Akaiambia. Akafuta. Ikafuta. Akaweka nywila mpya. Akairuhusu iamke.

Akalala kifudifudi kwenye meza, paji la uso juu ya kibodi, kwa sababu hakuweza kutazama.

Televisheni ikawaka. Mstari ukarudi, mfupi, wa kijani. Simu ya kwanza ikalia, Mama Halo akaidaka: mzee wa kila siku. "Saa nne na nusu, baba, kwaheri." Ya pili ilikuwa ya hospitali, daktari alikuwa amerudi kwenye laini na hakusema chochote, alikuwa akisubiri tu. Gari halikurudi kwenye laini. Alama yake kwenye televisheni ilikuwa ya kijivu. Kila mmoja chumbani aliitazama alama ile, na hata Mkurugenzi kwenye kiti chake cha magurudumu alikuwa amekunja mikono mapajani kama mtoto kanisani.

"Halo," alisema Mama Halo kwenye laini tupu. "Halo, mwanangu. Halo."

Kijivu.

"Halo. Halo. Tupo hapa. Halo."

Fundi aliuma mkono wa nguo yake. Alifikiria kijana yule na barabara iliyochimbwa. Alifikiria ile nafasi aliyoipoteza, mistari iliyompita kwa sababu ya kipanya. Angeweza kuishi na kufukuzwa. Hakujua kama angeweza kuishi na kipanya.

Alama ikageuka kijani, na visikilizio vikajaa kelele kali, ya hasira, isiyo na adabu hata kidogo, kiasi kwamba Mama Halo alivitoa sikioni.

"Nesi! Hicho ni nini?"

"Ndiye!" kijana alipiga kelele juu ya kelele. "Analia! Anatulaani mimi na ukoo wangu wote! Daktari, niache kubana?"

"Acha," alisema daktari, na sauti yake tulivu ikavunjika katikati. "Acha, mpe mama yake, mfunike. Mwache atulaani."

Fundi aliegemea kipaza sauti. "Nesi, ni mimi niliyekata. Nilikwambia nitakimbia, nikajikwaa. Naomba radhi."

"Ah, dada, nilidhani dunia imeisha," alisema kijana, akicheka na kulia. "Mama mtu alipaza sauti kunishinda. Kesho mwajirini yeye."

Fundi alivua visikilizio. Kabla ya kufanya kingine chochote aliufungua tena mlango wa seva, akaurudisha ufunguo wake mahali pake, kisha akatengeneza wa pili kwa ajili ya Mkurugenzi. Alifungua dirisha la pili, akajaribu ufunguo wa kwanza, ukafungua. Akajaribu wa pili, ukafungua. Ndipo akalifunga la kwanza. Alipoinamisha macho aliona kwamba taa ya namba kwenye kibodi yake, ile inayowaka vitufe vya tarakimu vya upande wa kulia vikiwa tayari kuandika, ilikuwa imezimwa. Mkurugenzi alikuwa amedonoa tarakimu zake upande ule wa kulia, gizani, na kilichoandikwa hakikuwa tarakimu. Kwenye kompyuta yake mwenyewe taa ilikuwa inawaka. Nywila aliikumbuka sawasawa, maskini. Hakuwahi kuiweka.

Alimwambia hilo kwa sauti ya chini, mlangoni mwa ofisi yake, asilisikie mtu. Mkurugenzi hakushukuru. Alikuwa amezungumza na dada yake kwa simu muda mfupi uliopita, na masikio yake yalikuwa bado mekundu.

Mchana, wapokea simu wa zamu zote mbili wakiwa chumbani, Mkurugenzi alitoka, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mtoto yuko salama, tunashukuru," alisema. "Lakini hapa pana utaratibu. Nilitoa amri, Fundi akaivunja mbele ya watu. Akampigia mtu niliyekataza apigiwe. Akaiambia hospitali niliyokataza iambiwe. Sitamfukuza. Dada amesema nisimfukuze, na hata mimi nilikuwa nimeshaamua hivyo."

Mama Halo akakohoa.

"Ninachotaka ni kitu kidogo. Aniombe msamaha hapa, yaishe."

Macho yote yakamgeukia Fundi. Mama Halo alimgusa kiwiko. "Sema tu, mwanangu," alinong'ona. "Neno halitoboi mfuko."

Fundi alisimama. Alimtazama Mkurugenzi, na hakumchukia. Alimwona mtu aliyeogopa kama yeye alivyoogopa, akakaa kwenye kile kiti ambacho hata yeye alikuwa amekikalia kidogo.

"Ufunguo wako nimeuweka kwenye kompyuta yako, Bosi. Nimeujaribu, unafungua. Amri yako ya kwanza niliitii, na hiyo ndiyo iliyotufungia nje. Kwa hiyo nimemwomba radhi Nesi, na jioni nitakwenda hospitali nimwombe mama wa mtoto. Ya pili sikuitii."

"Ndiyo hiyo ninayoisema. Niombe msamaha kwa hiyo."

"Kwa hiyo," alisema Fundi, "siombi."